Nusu Tone la Nambari Arobaini na Moja

Mjinga wa siku ile alikuwa Vallo Pihlak, na tuliseme mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Mwenyewe siku hizi analikubali, tena kwa kucheka, ila huongeza kwamba ujinga wake ulikuwa wa kisomi. Hapo hadanganyi. Kuwa mjinga wa namna ile kunataka shahada tatu, miaka ishirini na miwili katika maabara ya kemia pale mjini Tartu, na wivu wa kutosha kumfanya mtu mzima asahau supu yake mezani mpaka ipoe.

Wivu wenyewe ulianza mwezi wa Septemba, siku Kärt Ojaste alipoingia maabara akiwa na mkoba mgongoni, soksi za sufu za rangi zisizopatana, na karatasi ya Profesa Maimu, mkuu wa maabara, iliyosema apewe meza ya dirishani. Meza ya dirishani ilikuwa ya Vallo. Si kwa maandishi, lakini kikombe chake kilikuwa kimekaa hapo miaka kumi na mmoja, mpaka kikaacha duara kwenye mbao. Kärt alikiinua kwa adabu, akamkabidhi.

"Samahani, Vallo. Hiki nadhani ni chako."

"Ni changu. Na hilo duara ni langu pia, lakini nakuachia."

Waliokuwepo wakacheka. Vallo alicheka kuwapita wote, na hiyo ndiyo dalili yake: kitu kikimchoma, hucheka. Siku ile alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Sasa kazi yao. Mtoto njiti anapozaliwa hajafika hata kilo moja, hupewa dawa: ya degedege, ya moyo, ya vijidudu. Lakini dawa haiingii mwilini peke yake. Ndani ya ile chupa mna vitu vingine ambavyo havitibu chochote: vya kuyeyushia dawa, vya kuizuia isiharibike, vya kupunguza uchungu mdomoni. Mtu mzima havimsumbui, mwili wake unavifagia. Mtoto njiti ini lake bado linajifunza kazi. Swali lilikuwa hili basi: vitu hivyo vinaingia kiasi gani katika damu ya mtoto, na vinatoka kiasi gani kwenye mkojo? Kilichowakera zaidi pale maabara kilikuwa kimoja, glikoli, majimaji mazito yenye utamu kidogo, ambayo watengenezaji huyapenda kwa sababu yanayeyusha karibu kila dawa.

Vallo alikuwa ameitafutia glikoli mbinu kwa miaka miwili. Alipoanza, alihitaji damu ya kujaza kijiko. Akapunguza, akapunguza tena, akagombana na mashine, akaibembeleza, hadi akafika matone kumi. Kwa matone kumi mashine ilimwambia kila kitu. Alipolisema hilo mbele ya wataalamu wenzake kule Riga, watu walipiga makofi, na mzee mmoja mwenye ndevu alikuja kumshika mkono. Vallo alianza kuiita "mbinu ya Pihlak." Si hadharani. Alikuwa akilijaribu jina hilo ndani ya sauna, akiwa peke yake, kusikia linavyotoka mdomoni.

Kisha, Ijumaa moja ya Novemba, wakati wa kahawa, Kärt akasema huku anatafuna kohuke, kile kipande cha jibini tamu kilichovikwa chokoleti:

"Nadhani inawezekana kwa nusu tone."

Akalamba chokoleti kidoleni.

"Tena hata mtoto hana haja ya kuchomwa," akaendelea. "Hospitali wakimpima sukari, hubaki kidogo ndani ya kile kijibomba, na wanakitupa. Sisi tuombe mabaki."

"Nusu tone," Vallo akasema, akiwageukia wenzake mmoja mmoja kama anayeomba ushahidi. "Tone dogo hivyo utaona nini?"

"Sijui bado. Nitatazama."

Akatazama. Mwezi wa Januari alikuwa anaona.

Tangu hapo Vallo hakuwa na raha. Alianza kuhesabu. Katika mkutano mmoja Profesa Maimu alilitaja jina la Kärt mara tisa na la kwake mara mbili, na katika hizo mbili, moja ilikuwa ya kumwomba afunge mlango. Profesa, mama wa miaka sitini na minne ambaye hakuwahi kumsifu mtu mpaka amstaafishe, alimwambia Kärt "si mbaya." Vallo alikuwa ameisubiri "si mbaya" yake tangu mwaka 1996. Alipofika nyumbani alimweleza mkewe, Leelo, habari hiyo akiwa bado na kofia kichwani.

"Na tena amepewa funguo za chumba cha mashine. Na anakula mezani, makombo kila mahali. Na jana alikuja saa tatu na nusu."

Leelo alikuwa anamenya viazi. "Vallo, kuna wanaume wenye vimada nje ambao hawawataji namna hii."

"Namtaja kwa ajili ya kazi."

"Soksi zake pia ni kazi? Maana soksi zake nazijua zote. Jumanne alivaa za kijani."

Ni Leelo huyo huyo aliyekuwa amempa sharti la mwaka mpya: sigara basi. Vallo, asiyependa kushindwa na kitu kidogo kama jani, alikubali kwa ujanja. Shemeji yake alimletea sigara ya umeme kutoka Riga, kidude kirefu kama kalamu, chenye kichupa cha majimaji yenye harufu ya tufaha na mdalasini. Ukivuta, unatoa wingu jeupe. Si moshi, Vallo alimweleza kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. Ni mvuke tu, kama wa birika. Maabarani ilikatazwa kuvuta sigara, lakini hakuna aliyekuwa ameandika lolote kuhusu birika.

Kwa hiyo Vallo alianza kutembea na birika lake mfukoni. Na miguu yake, kila ilipokosa kazi, ilimpeleka dirishani. Alikuwa na sababu mia. Leo anatafuta mkasi. Kesho anaangalia kama theluji imeacha. Kesho kutwa amekuja kulitazama duara lake. Anasimama nyuma ya bega la kushoto la Kärt, anachungulia vijichupa vyake vidogo kama punje za mtama, anavuta kidogo, anapulizia ndani ya mkono wa koti, anauliza:

"Bado unaona?"

"Naona, Vallo."

"Haya. Mimi nauliza tu."

Kärt hakumfukuza. Aliandika kitu kwenye daftari lake dogo, akaendelea na kazi. Vallo alidhani anaandika hesabu. Hilo nalo lilimkera: hata hesabu zake zilikuwa fupi.

Ikafika Februari. Nje digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, mto umeganda, watu wanavuka wakiwa wamejifunga skafu hadi machoni. Profesa Maimu alitangaza kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi itachaguliwa mbinu moja tu kwa ajili ya watoto mia tatu waliobaki katika utafiti, katika hospitali za nchi tano. Ama ya Vallo, ama ya Kärt. Itakayochaguliwa ndiyo itakayoandikwa na kufuatwa kila mahali. Nyingine itaingia kabatini.

Alhamisi, siku moja kabla, Kärt alitoka kwenda kula. Vallo akaja dirishani kutafuta mkasi. Mkasi haukuwepo, lakini karatasi ya majibu ilikuwepo, na macho hayana pazia. Akasoma. Mtoto nambari arobaini na moja, gramu mia nane na sabini: damu yake ina glikoli, tena ya kutosha. Vallo akachukua orodha ya dawa za mtoto huyo kutoka wodini. Akaisoma mara mbili kwa kidole. Hakuna dawa hata moja aliyopewa yenye glikoli.

Moyo wake ulifanya jambo ambalo moyo wa mwanasayansi haupaswi kufanya ukikutana na kosa. Ulicheza.

Pale chini ya karatasi palikuwa na mstari mwingine, wa mkojo wa mtoto huyo huyo, uliopimwa Jumatatu, na penye glikoli paliandikwa sifuri. Vallo aliuona. Aliuona vizuri kabisa, akaupita kama mtu anayepita barabarani mbele ya anayemdai salamu.

Kabla Kärt hajamaliza supu yake, Vallo alikuwa ameshasimama mlangoni kwa Profesa.

"Sipendi kusema," akaanza, na hapo palipaswa kuwa mwisho wa maneno yake yote. "Lakini mbinu ya Kärt inaona kitu kisichokuwepo. Tunataka kuipeleka nchi tano. Mimi nahofia jina la maabara yetu."

Profesa akavua miwani. "Unataka nini?"

"Wodi wachukue damu tena kwa huyo mtoto. Matone kumi. Nipime kwa mbinu yangu, tujue nani anaona na nani anaota."

"Matone kumi kutoka kwa mtoto wa gramu mia nane."

"Mara moja tu."

Profesa alimtazama kwa muda ambao Vallo hakuupenda. "Mpigie simu Aune. Akikubali yeye, mimi sina neno."

Aune alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto njiti, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupangusia vumbi. Ndiye aliyewakusanyia damu na mkojo wa watoto, mkojo kwa kuweka kipande cha pamba ndani ya nepi na kukikamua kwa bomba la sindano, na kila Ijumaa alileta sanduku la baridi yeye mwenyewe. Watoto aliwajua kwa majina aliyowapa mwenyewe, si kwa nambari. Arobaini na moja alimwita Mheshimiwa, kwa sababu alizaliwa amekunja uso kama waziri aliyeamshwa. Vallo alipompigia simu, Aune alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakuja na jibu kesho," akakata.

Vallo alilichukua hilo kuwa ndiyo. Jioni ile alimwambia Leelo amtolee shati jeupe.

Ijumaa, saa nne, wote watatu walikuwa chumba cha kahawa. Profesa alikata kringel, ule mkate mtamu uliosokotwa, vipande sawasawa. Kärt alikuwa amevaa soksi za njano. Aune aliingia na theluji kwenye buti, akaliweka sanduku la baridi mbele ya Vallo.

"Fungua."

Vallo akafungua, tayari kupokea damu. Ndani mlikuwa na kikombe kidogo cha kahawa, kile cha vidole viwili, kitupu.

"Sijaelewa," akasema.

"Kijaze maji," Aune akasema. "Hadi karibu na mdomo. Hiyo ndiyo damu ya Mheshimiwa, yote aliyo nayo duniani. Jana wamemtoa damu kwa ajili ya sukari. Juzi kwa ajili ya ini. Leo wewe unataka matone kumi ili ujue mwenzako amekosea. Sasa chota, halafu uniambie utamrudishia nini."

"Aune, usinifanye mnyonya damu. Sayansi ina gharama zake."

"Alipe mwenye sayansi. Mkono huo hapo, mzee, una mishipa kama kamba za kuanikia nguo. Na kingine: mama yake alisaini mabaki. Sindano hakusaini."

Profesa alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Vallo aliona shati lake jeupe linaanza kumnata mgongoni, lakini alikuwa amefika mbali mno, na mtu aliyefika mbali kwa wivu huona aibu kurudi.

"Sawa, tusimchome. Lakini jibu bado liko palepale. Glikoli katika damu ya mtoto ambaye hajapewa glikoli. Kärt, na wewe sema basi. Umeipata wapi?"

"Hewani," Kärt akasema.

"Hewani." Vallo akawatazama wengine. "Mmesikia. Sasa hewa ya Tartu ina dawa."

Kärt alifuta vidole kwa kitambaa, akatoa daftari lake dogo. "Mimi pia ilinishangaza. Kwa hiyo nilirudia, jana mchana. Ile nusu tone ilikuwa na wenzake. Kwenye kijibomba kulibaki kama tone moja na nusu. Nilitayarisha nusu nyingine nikiwa nimejifungia chumba cha mashine, na ufunguo ndani. Sifuri. Nikarudia tena. Sifuri. Na mkojo wa Jumatatu ulikuwa sifuri. Mheshimiwa hana glikoli hata kidogo."

"Kwa matone kumi," Profesa akasema taratibu, kama anayejisemea, "yangekuwa yameisha kwa kipimo cha kwanza. Kusingebaki cha kurudia."

Vallo akamgeukia Kärt. "Ndiyo nasema, basi. Meza yako chafu."

"Meza yangu ni chafu siku nyingine na safi siku nyingine. Hilo ndilo lililonitesa tangu Januari. Kila siku huwa naacha kikombe cha maji safi wazi mezani, asubuhi mpaka jioni, kisha nayapima kama damu. Jumatatu, sifuri. Jumanne, iko. Jumatano, iko. Alhamisi, nyingi. Wiki ya mapumziko ya Februari, sifuri siku zote tano. Nikadhani ni feni ya juu. Nikaita fundi, akaifungua, akanilaumu."

"Jumatatu kuna nini?" Aune akauliza.

"Jumatatu Vallo anafundisha kutwa nzima," Profesa akasema.

"Na wiki ya mapumziko?"

"Otepää," Vallo akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Niliwapeleka wanangu kuteleza kwenye theluji."

Kärt alifungua ukurasa mwingine. "Wiki hii nikaweka vikombe sita kuzunguka kiti changu. Cha kulia, kidogo. Cha dirishani, kidogo. Kilichozidi vyote ni cha kushoto nyuma, sawa na bega langu. Nikaanza kuandika pia nani amesimama hapo na mara ngapi. Jumanne mara mbili. Jumatano mara tatu. Jana, siku ya Mheshimiwa, mara saba, kabla ya saa sita."

"Nilikuwa natafuta mkasi," Vallo akasema.

"Mkasi uko droo yako ya juu. Umeandikwa Pihlak."

Aune alikuwa ameshainama, ananusa kama paka aliyesikia samaki. "Na hii harufu ya tufaha na mdalasini, mimi nilidhani ni kringel."

Hakuna aliyemwambia Vallo atoe. Mkono wake uliingia mfukoni wenyewe, ukatoka na kidude na kichupa. Profesa alivaa miwani, akakigeuza kichupa, akasoma maandishi madogo kwa sauti. Kitu cha kwanza kwenye orodha kilikuwa glikoli. Cha pili kilikuwa ladha.

Vallo alikuwa amekiona kichupa kile kila siku kwa majuma nane. Mtaalamu wa glikoli, aliyepigiwa makofi Riga, alikuwa akiinunua kwa chupa, akiivuta, na kwenda kuipulizia kwenye damu ya mtoto wa gramu mia nane na sabini, kwa sababu tu hakuweza kuvumilia kukaa upande wa pili wa chumba. Kadiri roho ilivyomuuma ndivyo alivyosogea. Kadiri alivyosogea ndivyo vikombe vya maji vilivyojaa glikoli.

Hapo mwenye busara angekula kringel yake akanyamaza. Vallo anakumbuka kabisa kwamba aliifikiria njia hiyo.

"Ni mvuke," akasema. "Kama wa birika. Na hata hivyo, ajali ni ajali, ingempata yeyote. Haifuti swali langu." Akamgeukia Kärt, uso mwekundu hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba hakuwa anacheka. "Nimeuliza tangu Novemba, sijajibiwa. Ninyi mnataka kupeleka nusu tone nchi tano. Nusu tone. Tone dogo hivyo, binti, umeona nini?"

Kärt akafunga daftari.

"Nimekuona wewe."